Maswali ya Wasomaji: Ni lini ushirika wa sebuleni unakuwa kanisa?

Mwezi huu nimepokea barua nne zinazouliza, kila moja kwa upande wake, juu ya kuzaliwa kwa kanisa dogo la Kibaptisti na miaka yake ya kwanza. Zimetoka Kisumu, Njoro, Luanda na Kakamega, nami nimeona zijibiwe katika ukurasa mmoja, kwa kuwa aliyeuliza juu ya ploti anahitaji kusoma jibu la aliyeuliza juu ya agano, na anayeandika historia atafaidika na yote. Msomaji ajue pia kwamba sijibu kama mtu wa nje. Nilikuwa mmoja wa watu 11 walioanzisha kanisa dogo katika mtaa mmoja wa Nakuru, nikawa katibu wake kwa miaka 14, na mengi nitakayoyasema hapa tuliyajifunza kwa kukosea.

SWALI: Mzee wetu, sisi ni familia 9 hapa Manyatta, Kisumu. Tangu mwaka jana tunakutana kila Jumapili asubuhi sebuleni kwa dada mmoja, tunasoma Neno, tunaimba na kuombeana. Watatu kati yetu tulikuwa washirika wa kanisa la Kibaptisti lililo mbali na hapa, na sote tumekubaliana kwamba tungependa ushirika huu uwe kanisa la Kibaptisti. Lakini jirani mmoja anatuambia kwamba bila jengo, bila mchungaji aliyesoma chuoni na bila cheti cha serikali, sisi ni kikundi cha maombi tu. Je, ni kweli? Na tuanzie wapi? (Mama wa Watatu, Manyatta)

JIBU: Mama, jirani yako ametaja mambo matatu ambayo hayana uzito sawa, na nitayachukua moja moja. Kabla ya hapo nataka ujue kwamba hali yenu si ngeni hata kidogo katika historia ya Wabaptisti. Kanisa linalohesabiwa kuwa la kwanza la Kibaptisti lilikuwa la wakimbizi. Mwaka 1609, Waingereza wapatao 40 waliokuwa wamekimbilia mji wa Amsterdam kwa sababu serikali ya nchi yao iliwakataza kuabudu nje ya kanisa lake, walikuwa wakikutana katika nyumba iliyokuwa ya kuokea mikate. Kiongozi wao, John Smyth, aliyekuwa kasisi, pamoja na Thomas Helwys, aliyekuwa amesomea sheria, walifikia uamuzi kwamba kanisa ni watu waliokiri imani yao wenyewe kwa vinywa vyao, wakaanza upya kwa ubatizo wa watu waliokiri hivyo. Karibu mwaka 1612 Helwys alirudi Uingereza na wenzake wachache, wakafungua kanisa Spitalfields, nje ya kuta za London. Alimwandikia Mfalme James kwamba mfalme ni mwanadamu wa kufa na kwamba hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Kwa maneno hayo alitiwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amekwisha kufa. Hao hawakuwa na jengo lao wala cheti, na serikali iliyopaswa kuwapa cheti ndiyo iliyowafunga.

Kuhusu jengo, basi, nadhani umekwisha kuona jibu. Paulo anawatumia salamu Priska na Akila pamoja na kanisa lililomo katika nyumba yao, na wala haliiti kikundi.

Linalowafanya Wabaptisti kuwa kanisa ni agano. Watu walioamini na kubatizwa wanakaa pamoja, wanakubaliana mbele za Mungu kwamba wataabudu pamoja, watashiriki Meza ya Bwana, watatunzana, wataonyana na watasuluhishana, kisha wanayaandika maneno hayo na kutia sahihi. Kabla ya siku ile mlikuwa ushirika, na baada yake mnakuwa kanisa, hata kama mnarudi kuketi kwenye makochi yale yale. Ninakusihi msiiharakishe siku hiyo, wala msinakili agano la kanisa jingine neno kwa neno kwa sababu tu limeandikwa vizuri. Agano letu lilikuwa la ukurasa mmoja, na lilituchukua jioni tano. Kifungu cha kutoa sadaka tulikimaliza kwa robo saa, lakini kifungu cha ugomvi kilitushinda jioni mbili nzima, kwa maana ilibidi kila mtu akubali kwamba akikosewa na mwenzake atamwendea yeye kwanza, faraghani, kama inavyoagizwa katika Mathayo 18, kabla ya kulipeleka jambo kwa mke, kwa jirani au kwa shemasi. Mama mmoja alikataa kutia sahihi hadi tulipoongeza kwamba mchungaji naye anafungwa na kifungu hicho. Alikuwa na haki, na katika mwaka wetu wa tatu kifungu chake ndicho kilichotuzuia tusigawanyike.

Jambo jingine ambalo tuliliandika siku zile, na ambalo ninaona linawahusu ninyi wa Kisumu pia, ni lugha. Mtaa wetu ulikuwa na Waluo, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Wakisii. Tulikubaliana kwamba mahubiri na mikutano itakuwa kwa Kiswahili, na kwamba anayetaka kuomba kwa lugha ya mama yake aombe, mwenzake atafsiri. Manyatta mtajikuta mnaingia katika Dholuo bila kukusudia, kwa kuwa wengi wenu mnaijua, na yule mmoja asiyeijua atakaa kimya kwa miezi sita, kisha ataacha kuja, nanyi mtasema amelegea katika imani. Amueni mapema na kwa maandishi.

Sasa niseme juu ya mchungaji. Kanisa la Kibaptisti huchagua mchungaji wake lenyewe, kwa kura ya washirika, na kwa hivyo lazima kanisa liwepo kwanza ndipo liweze kumchagua. Katika miaka ya mwanzo mnaweza kuongozwa na ndugu au dada mwenye karama ya kufundisha na mwenendo usio na lawama, huku mchungaji wa kanisa lile mlilotoka watatu akija kila mwezi kuwaongoza katika Meza ya Bwana na kuwashauri. Elimu ya chuo ina faida kubwa, nami nimeona madhara ya wahubiri wasiotaka kujifunza, kwa hivyo mkimpata kijana mwenye wito msaidieni asome. Lakini msisubiri. William Carey alikuwa fundi viatu kabla ya kuwa mchungaji wa kijijini, na chama cha wamishonari ambacho yeye na wachungaji wenzake walikianzisha huko Kettering mwaka 1792 kilianza na ahadi za mchango wa pauni 13, shilingi 2 na peni 6.

Rudini basi kwa kanisa lenu la zamani mapema iwezekanavyo. Ninyi watatu mnahitaji barua ya kuhamisha ushirika, na kanisa lile linahitaji kujua kwamba hamkuondoka kwa hasira. Kama mliondoka kwa hasira, nendeni mkapatane kwanza, maana nimeona kanisa changa likibeba kinyongo cha waanzilishi wake kwa miaka 10 na watoto waliozaliwa baadaye wakakirithi bila kujua chanzo chake. Waombeni wawalee kama kanisa mama, wawaletee walimu, na wawepo siku ya kutia sahihi agano, pamoja na makanisa jirani. Wale wenzenu waliotoka madhehebu mengine watatoa ushuhuda wao mbele ya wote, na suala la ubatizo nitalieleza katika jibu la msomaji wa Luanda.

Cheti hakizai kanisa, ila msikidharau. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya serikali, na katika Kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, peke yake au pamoja na wengine. Hata hivyo Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inahesabu kundi la watu 10 au zaidi kuwa chama, na inakitaka chama kipeleke ombi kwa Msajili wa Vyama ndani ya siku 28 tangu kuundwa kwake. Mtahitaji katiba ya kanisa, majina ya viongozi na kumbukumbu za mkutano uliowachagua, na baada ya kusajiliwa mtawasilisha taarifa kila mwaka. Bila usajili hamwezi kufungua akaunti ya benki kwa jina la kanisa. Makanisa mengi madogo huomba kupokewa na Baptist Convention of Kenya, umoja ulioanzishwa mwaka 1971, na viongozi wa umoja huo katika eneo lenu watawaelekeza namna ya kulishughulikia jambo la usajili. Mkijiunga nao, mtaendelea kujitawala wenyewe, kwa kuwa umoja wa Kibaptisti hauna askofu wa kuwaamuru.

La mwisho kwako, Mama, ni daftari. Nunueni madaftari matatu yenye majalada magumu kabla hamjanunua hata kiti kimoja cha plastiki: moja la orodha ya washirika, moja la kumbukumbu za mikutano, na moja la fedha. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, mbele ya macho ya wengine, na kiasi kiandikwe papo hapo. Sadaka inayotumwa kwa M-Pesa isiingie katika simu ya mtu binafsi, hata kama ni ya mchungaji, hata kama ni kwa mwezi mmoja tu. Mkutano wa washirika ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mshirika, awe nyanya au kijana aliyebatizwa juzi, awe na kura moja.

SWALI: Kanisa letu lina miaka 4. Tumechanga fedha za kununua ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Njoro, na muuzaji amepatikana. Mchungaji aliyetuanzishia kanisa anasema kwamba, kwa kuwa bado hatujasajiliwa, ni rahisi zaidi hati iandikwe kwa jina lake kwa sasa. Tunampenda na tunamwamini, na baadhi yetu wanaona kwamba kuuliza ni kumkosea heshima. Tufanyeje? (Shemasi, Njoro)

JIBU: Ndugu Shemasi, msikubali. Ninasema hivyo bila kumshuku mchungaji wenu hata kidogo, kwa sababu hatari kubwa haitoki katika moyo wake. Hatari ni kwamba yeye ni mwanadamu. Akifa kesho, ardhi iliyo kwa jina lake ni sehemu ya mali yake, na warithi wake, ambao huenda hawajawahi kukanyaga kanisani kwenu, wana haki ya kuidai mahakamani. Akidaiwa na benki, ardhi hiyo inaweza kufuatwa. Ninalifahamu kanisa moja, ambalo sitalitaja, lililojenga ukumbi wa mabati na vyoo viwili juu ya ploti iliyoandikwa kwa jina la mwanzilishi, mtu mwema aliyehubiri kwa machozi. Alipofariki ghafla, watoto wake waliuza. Washirika walibomoa mabati yao wenyewe siku ya Jumamosi, wakayabeba kwa mkokoteni, na Jumapili wakaabudu chini ya mti. Hakuna aliyekuwa mwizi katika kisa hicho. Kulikuwa na karatasi iliyoandikwa vibaya tu.

Njia ya sheria ipo. Mkishasajiliwa, washirika watachagua wadhamini katika mkutano, na wadhamini hao wanaweza kuandikishwa chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164, ili umiliki uendelee hata mdhamini mmoja akifa au akihama. Kama muuzaji hawezi kusubiri, kaeni na kanisa mama au na umoja wenu muone kama wadhamini wao wanaweza kuishika ardhi hiyo kwa niaba yenu, kwa makubaliano yaliyoandikwa na wakili na kueleza wazi kwamba ni mali ya kanisa lenu. Kama hilo nalo haliwezekani, afadhali fedha zikae mwaka mmoja zaidi na mkose ploti hiyo.

Na kabla ya kulipa shilingi yoyote, nendeni katika ofisi ya ardhi mkapate taarifa rasmi ya nani ndiye mwenye hati na kama ina deni juu yake. Mleteni mpima ardhi awaonyeshe mipaka kwa macho, kwa kuwa ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama moja ya nane ya ekari, hupunguzwa kwa urahisi na ua wa jirani. Upande wa Njoro, ambako sehemu kubwa bado ni ardhi ya kilimo, uuzaji unahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bila idhini hiyo mauziano yenu ni bure hata kama mmepewa funguo za lango. Kama muuzaji ana mke au mume, hakikisheni kwamba naye ametia sahihi ya kukubali.

Umesema kwamba kuuliza ni kumkosea heshima. Wazee wa kanisa wawili wamwendee nyumbani, wamshukuru kwa kazi yake, kisha wamwambie kwamba wanataka kumlinda yeye na watoto wake na maneno ya watu. Mchungaji anayelipenda kanisa atashusha pumzi kusikia hivyo. Akikasirika, mtakuwa mmejua jambo muhimu kabla ya kutoa fedha, na hapo mlipeleke suala hilo katika mkutano wa washirika bila kunong'onezana pembeni.

SWALI: Nina miaka 22 na ninaishi Luanda, Kaunti ya Vihiga. Nimejiunga na kanisa changa la Kibaptisti, na wanataka kutubatiza sisi 6 kwa kuzamishwa. Nyanya yangu, aliyenilea, ni Mwanglikana tangu utotoni na alinipeleka nikabatizwa nikiwa mtoto mchanga. Amelia akisema ninamwambia kwamba ubatizo wake haukuwa kitu. Zaidi ya hayo, viongozi wetu wanapanga kutupeleka ziwani Kisumu, na mimi siogopi maji lakini nimesikia habari za kichocho. Nifanye nini? (Kijana wa Luanda)

JIBU: Mwanangu, anza na nyanya. Wamishonari wa Kianglikana walifungua kituo cha Maseno, karibu sana na kwenu, mwaka 1906, na kwa watu wa umri wake kanisa lile ndilo lililoleta shule, zahanati na Biblia katika nyumba moja. Alipokupeleka ubatizwe, alikuwa anakukabidhi kwa Mungu kwa namna bora aliyoijua. Mwambie hivyo kwa maneno yako, ukiwa umeketi karibu naye. Mwambie kwamba humkatalii ubatizo wake, na kwamba unachokwenda kufanya ni kusema kwa kinywa chako yale aliyoyasema yeye kwa niaba yako wakati ulipokuwa huwezi kusema. Wabaptisti tunaamini kwamba ubatizo hufuata kukiri kwa mtu mwenyewe, ndiyo maana hatuwabatizi watoto wachanga, lakini hatukuagizwa kuwadharau waliotuombea kabla hatujajua kuomba. Mwalike aje. Kama atakataa kuja, mletee chakula cha siku ile nyumbani.

Kuzamishwa nako kuna historia ambayo wengi hawaijui. Wale wa Amsterdam mwaka 1609 walibatiza kwa kumiminiwa maji. Ni katika miaka ya 1640 ndipo Wabaptisti wa London waliposhika kuzamishwa, na makanisa saba ya mji huo yakalitia jambo hilo katika ungamo lao la imani la mwaka 1644, kwa kuwa waliona kwamba kushuka majini na kuinuka ndiko kunakoeleza vizuri zaidi kufa na kufufuka pamoja na Kristo. Kwa hivyo viongozi wako wana sababu njema ya kutaka maji mengi, lakini hakuna andiko linalosema kwamba maji hayo lazima yawe ya ziwa.

Kuhusu kichocho umesikia kweli. Vimelea vyake hutoka katika konokono wadogo wanaoishi katika maji matulivu ya kando ya ziwa na vijito, huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo, na dakika chache zinatosha. Ufuo unaotumiwa na watu wengi kuoga, kufua na kuchota maji ndio wenye hatari zaidi, na huko ndiko makanisa hupenda kwenda kwa kuwa kuna njia. Upande wa Dunga kuna viboko pia, na magugu maji yanapoletwa na upepo huwezi kuona unapokanyaga. Mto Yala nao, wakati wa mvua za masika, si mahali pa kumshusha mtu asiyejua kuogelea.

Waambieni viongozi, kwa adabu, kwamba njia nyingine ni rahisi. Wengine huchimba shimo la kufika kiunoni, wakalitandika karatasi nzito ya nailoni na kulijaza maji. Wengine huazima tangi kubwa au huomba bwawa la kuogelea la hoteli kwa saa moja. Maji ya bomba au ya mvua yanafaa. Kama hamna budi kuchota ziwani au mtoni, chujeni konokono, kisha maji yakae siku mbili kamili katika chombo safi, kwa maana vimelea hivyo haviishi muda huo bila kumpata mtu wa kumwingia. Na yeyote aliyewahi kusimama katika maji hayo ya ufuoni aende kituo cha afya akapimwe. Dawa ipo, humezwa mara moja, na inafanya kazi. Sisi tulibatizia katika shimo la nailoni kwa miaka 6, nyuma ya jiko la mshirika mmoja, na hadi leo akina mama wa kanisa letu wakipita hapo hupunguza sauti.

SWALI: Kanisa letu la Kibaptisti hapa Kakamega litatimiza miaka 25 mwakani, nami nimeombwa kuandika historia ya kuanzishwa kwake. Wazee wa madhehebu mengine wananiambia kwamba Wabaptisti walichelewa sana kufika huku Magharibi na kwa hivyo hatuna historia ya kuandika. Je, ni kweli kwamba tulichelewa? Na nianze vipi? (Mwalimu Mstaafu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, wamesema kweli kuhusu kuchelewa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na wamishonari walikuja nyuma yake kwa haraka: Marafiki, yaani Wakweka, wakafungua Kaimosi mwaka 1902, mapadri wa Mill Hill wakafika Kisumu mwaka 1903, Waanglikana wakawa Maseno na Waadventista wakawa Gendia mwaka 1906. Mashirika mengi yalikubaliana kutoingiliana katika maeneo, na ndiyo sababu hadi leo ukitaja kijiji katika Vihiga mtu anaweza kukisia dhehebu la wazee wake. Wabaptisti hawakuwamo katika mgawanyo huo. Wamishonari wa Southern Baptist Convention ya Marekani, shirika ambalo lilikuwa likifanya kazi Nigeria tangu mwaka 1850, walianza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956 tu, wakati hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa Kenya. Walikuta meza imekwisha kuandaliwa na wengine: Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imetoka mwaka 1952 na ya Dholuo mwaka 1953, na watu walikuwa wamekwisha kufundishwa kusoma na madhehebu ambayo leo wazee wake wanakutania. Andika hivyo katika ukurasa wako wa kwanza, kwa shukrani.

Lakini kusema kwamba hamna historia ni kosa. Aliyefundishwa na wamishonari wa kwanza wa Kaimosi hayupo tena wa kuulizwa. Walioanzisha kanisa lenu wengi wako hai, wanakumbuka ni nani aliyeleta taa na ni nani aliyesahau mafuta. Hiyo ni mali ambayo wenye historia ndefu wangeitamani, na inapungua kila mazishi.

Anza na akina mama. Nimegundua kwamba wanaume hukumbuka siku ya kuweka jiwe la msingi na jina la mgeni wa heshima, lakini akina mama hukumbuka ibada ya kwanza ilifanyika nyumbani kwa nani, mvua ilinyesha au haikunyesha, na mtoto wa nani aliyelia. Muulize kila mmoja peke yake kabla ya kuwaketisha pamoja, kwa kuwa mbele ya wengine mtu hukubaliana na mwenye sauti kubwa. Wakitofautiana juu ya mwaka, tafuta jambo jingine la kulinganisha nalo: mwanafunzi wa familia fulani alikuwa darasa la ngapi, au uchaguzi gani mkuu ulikuwa umepita. Kisha soma kumbukumbu za mikutano, risiti za mabati, barua za kuhamisha ushirika. Usiwaache nje walioondoka. Kama kanisa liligawanyika, sema liligawanyika, mwaka gani na kwa sababu gani, bila kumpaka mtu matope, na uende ukawaulize hata wao walioondoka. Andika pia majina ya waliofagia.

Nimekuambia usome kumbukumbu, na ningependa kukueleza kwa nini ninalishikilia jambo la madaftari. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, mtaa wetu ulimwagika usiku mmoja. Washirika wetu walikimbilia pande mbalimbali, wengine uwanja wa maonyesho, wengine makwao Nyanza, Magharibi na Mkoa wa Kati, na baadhi walikimbia watu wa kabila la washirika wenzao. Mimi, katibu, nilibeba vyeti vya watoto wangu na redio. Madaftari sikuyakumbuka. Aliyeyakumbuka ni mweka hazina wetu, mama wa makamo aliyekuwa akiuza mboga, ambaye aliyafunga yote matatu ndani ya kanga pamoja na nguo za wajukuu, akatembea nayo hadi alipopata gari.

Tulipokutana tena mwezi wa Aprili tulikuwa 17 kati ya 46, na hatukuwa na mahubiri. Mama huyo alifungua kanga, akanipa daftari la orodha, nikasoma majina yote 46 kwa sauti kwa mpangilio wa siku walizojiunga. Kila jina lilipotajwa, aliyekuwa na habari alisimama akasema: yuko Bondo, amejifungua salama, yuko Nyeri, anauliza kama anaweza kurudi, hatujamsikia. Kwa majina matano hakuna aliyesimama. Nikayaandika matano hayo kwenye ukurasa mpya, tukagawana, kila mtu jina moja la kutafuta, na kufikia mwezi wa Agosti tulikuwa tumewapata wanne.